Mvuvi wa Ujiji Anajibu: Besi wa Mdomo Mdogo wa Ziwa Erie

Barua za msimu huu karibu zote zinamhusu samaki mmoja: besi wa mdomo mdogo, yule wa rangi ya shaba mwenye jicho jekundu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, hasa ndugu zetu waliohamia kando ya Ziwa Erie na wanaanza kushika fimbo. Mimi nimekulia Ujiji na sasa naishi mji wa Erie, Pennsylvania, Marekani, kwa hiyo maji haya na yale ya Tanganyika yote nayasemea kwa mapenzi.

Navuta visamaki vya kijivu tu

*Shikamoo mzee wetu. Mimi natoka Uvira, sasa niko Buffalo na familia. Siku za mapumziko nakwenda Bird Island Pier na fimbo ya kawaida, naweka nyungunyungu kwenye ndoana. Kila nikitupa navuta kisamaki cha kijivu chenye kichwa kikubwa, urefu kama kidole. Wenzangu pale pale wanatoa besi wakubwa. Shida yangu ni nini? – Msomaji, Buffalo, New York*

Marahaba, mdogo wangu. Mahali umepatia, chambo ndicho cha kubadilisha. Kisamaki hicho kinaitwa gobi. Siku nyingine mshike umtazame: pezi la kwanza la mgongoni lina doa jeusi, na chini ya kifua mapezi mawili yameungana yakawa moja la duara, ambalo analitumia kujishikiza kwenye jiwe maji yanapokwenda kasi. Asili yake ni Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Aliletwa na maji ambayo meli za mizigo hubeba tumboni ili zisiyumbe. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1990 katika Mto St. Clair, na haikupita miaka mingi akawa ameenea Ziwa Erie lote. Chakula chake kilikuwa kimeshamtangulia, maana kome milia, ambao nao walikuja na meli kutoka pande hizo hizo, walikwisha gunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988. Gobi anakula kome, besi anakula gobi, na besi wa Erie wamenenepa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ukiona gobi wanakusumbua, ujue umefika jikoni kwa besi.

Nyungunyungu humvutia gobi kwanza, kwa sababu gobi ni wengi na hawana subira. Besi mkubwa yuko hapo hapo lakini anawinda gobi wenyewe. Basi mpe kinachofanana na gobi. Nenda dukani uombe tyubu: ni chambo cha plastiki laini, kina tundu ndani kama bomba, na mkia wake umechanwachanwa nyuzinyuzi. Chukua cha urefu wa sentimita 9 au 10, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Ndani yake unaingiza ndoana yenye kichwa cha risasi. Kwa kina cha mita 3 au 4 gramu 7 zinatosha. Ukifika mita 8, au mkondo ukiwa mkali, tia gramu 14. Mshipi uwe florokaboni, yaani uzi wa plastiki usioonekana kirahisi majini, wenye nguvu ya kubeba ratili 8 au 10, kwa sababu kome wamechuja maji haya hadi yamekuwa maangavu, na mshipi mnene samaki anauona.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaelezwi. Gobi hana kibofu cha hewa. Samaki wengine wanaelea katikati ya maji bila kujitahidi, gobi hawezi. Akiacha kuogelea anazama. Maisha yake yote ni kuruka kidogo, kutua, kutulia, kuruka tena. Ukivuta chambo chako juu juu ya maji, besi haoni gobi, anaona kitu asichokijua. Kwa hiyo tupa, acha kizame hadi mshipi ulegee, ndipo ukaze mshipi na kukiburuta polepole kwa fimbo, si kwa rili, ile roda ya kukunjia mshipi. Utasikia mkononi: tak, tak, tak. Huo ni mwamba, endelea. Ukisikia ulaini, kama unaburuta kwenye uji, hapo ni tope, hamia kwingine. Mahali ambapo tope linakutana na mawe pakumbuke, maana besi hupenda kukaa mpakani.

Pale Bird Island Pier una jambo la ziada: Mto Niagara unaanza kuvuta. Tupa kuelekea mkondo unakotoka, si unakokwenda, ili risasi ishuke na kugusa chini kabla maji hayajaibeba. Ukitupa upande wa chini chambo kitaning'inia juu na hutamwona besi.

Usisubiri mshtuko. Mara nyingi besi akikishika chambo unahisi tu uzito ulioongezeka, au mshipi unaanza kwenda pembeni wenyewe. Inua fimbo kwa nguvu. Akipanda utaona mshipi unainuka kutoka majini, na hapo anajiandaa kuruka. Shusha ncha ya fimbo hadi karibu iguse maji, ubaki na mshipi uliokazika. Akiruka ukiwa umeinua fimbo, atatikisa kichwa na risasi itamtoka mdomoni.

Sisi wa Tanganyika tumezoea samaki wanaofuata taa: usiku usio na mwezi, karabai, dagaa wanapanda, migebuka nyuma yao. Besi hana habari na taa yako. Yeye anakaa na jiwe, nawe tafuta jiwe.

Gobi uliowavua usiwabebe wakiwa hai wala kuwatumia hai kama chambo. Majimbo ya kando ya ziwa hili yanakataza, na ni haki yakataze.

Amesimama tu, hakimbii

*Shikamoo babu. Mwezi wa tano niliona samaki kwenye maji ya kina kifupi ndani ya Presque Isle Bay, kila mmoja juu ya duara safi la changarawe. Hakimbii hata kivuli changu kikimfikia. Nikatupa chambo, akakishika papo hapo, nikampiga picha, nikamrudisha. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akaniambia siku nyingine niwaache hao. Kama ninamrudisha akiwa hai, kosa liko wapi? – Mwanafunzi, Erie, Pennsylvania*

Marahaba, mjukuu wangu. Mzee huyo alikutakia mema, nami nitakueleza sababu yake kwa kirefu, kwa kuwa katika mambo yote ya uvuvi wa ziwa hili hakuna ninaloliombea kama hili.

Uliyemwona ni baba. Maji yanapofika nyuzijoto 15 hadi 18 hivi, dume husogea kwenye maji mafupi, akachagua changarawe karibu na jiwe kubwa au gogo linalomkinga, kisha akafagia kwa mkia wake hadi tope lote litoke na mawe yabaki meupe. Hilo ndilo duara uliloliona. Jike anakuja, anataga, anaondoka zake. Kuanzia hapo dume yuko peke yake. Anapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na yasifunikwe na tope. Mayai yanaanguliwa baada ya siku kadhaa, kutegemea joto la maji, na watoto wakianza kuinuka juu ya kiota, weusi weusi kama wingu dogo, bado anawazunguka hadi wajue kujificha. Kazi hiyo inachukua wiki kadhaa, na muda wote huo anakula kidogo sana.

Basi chambo chako hakukishika kwa njaa. Alikuwa anakitoa kwenye kiota.

Na wale gobi niliomweleza ndugu wa Buffalo, unafikiri wako wapi wakati huo? Wamekizunguka kiota, nyuma ya kila jiwe, wanamtazama dume. Akisogea wanamkwepa, akirudi wanarudi. Watafiti wamelichunguza jambo hili humu humu Ziwa Erie: dume akitolewa, gobi wanaingia kwenye mayai ndani ya dakika chache. Wewe umemvuta, umehangaika naye, umemtoa ndoana, umetafuta simu, umepiga picha. Umemrudisha hai, kweli. Lakini amerudi amechoka, na pengine hakuna cha kulinda tena. Dume aliyepoteza mayai mengi mara nyingi hukiacha kiota kabisa.

Zamani kabla ya gobi labda dakika tano zisingekuwa na neno kubwa. Leo zina neno.

Waliokulia Kigoma wanamjua kuhe, samaki wa Tanganyika. Dume na jike wake hulinda watoto wao pamoja, na ukipiga mbizi karibu nao wanakujia usoni. Nilipomwona besi dume kwa mara ya kwanza akifanya vile vile nilimheshimu hapo hapo. Na nyumbani tumeshaona kwamba ziwa linahitaji kupewa nafasi kweli kweli: Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, na watu ambao riziki yao ya kila siku ni dagaa walivumilia miezi mitatu. Mimi na wewe tunavua kwa raha. Tunaweza kuvumilia wiki hizi chache.

Sheria za majira ya kuchipua zinatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na hubadilishwa, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu cha upande wako. Mimi nakwambia lile ambalo sheria hailazimishi: vaa miwani ya jua inayoondoa mng'aro wa maji, tembea ufukweni, uwatazame. Ukiona duara, pita. Ukitaka kuvua mwezi huo, wako besi ambao bado hawajapanda kutaga au wameshamaliza, wanazunguka kwenye mawe ya mita 4 hadi 6, na hao wanakula kwa njaa ya kweli. Kando ya gati za mlango wa ghuba yetu, pale North Pier, utawapata bila kumgusa baba yeyote kiotani.

Nimpike na nazi?

*Kaka, hujambo? Mume wangu ameleta besi wawili wakubwa, kila mmoja anapita kilo mbili. Watoto wanataka samaki wa nazi. Jirani ananiambia samaki wa ziwa hili wana sumu. Nitupe? – Mama wa watoto, Erie*

Sijambo dada yangu. Usitupe chakula kwa hofu ya jirani, lakini kwa watoto nakushauri usiwapikie hao wawili.

Besi wa kilo mbili kwenye maji haya ya baridi ni mzee. Anakua polepole, huyo anaweza kuwa na miaka 8, 10 au zaidi, na miaka yote hiyo amekula samaki wenzake. Ziwa Erie lilizungukwa na viwanda kwa zaidi ya karne, na mabaki ya kemikali zinazoitwa PCB bado yapo kwenye tope lake, pamoja na zebaki. Kome wanachuja maji, gobi wanakula kome, besi wanakula gobi, na kila hatua sumu inazidi kujikusanya. Kwa hiyo samaki mkubwa na mzee ndiye mwenye mzigo mkubwa. PCB hukaa zaidi kwenye mafuta: ukiondoa ngozi, mafuta ya tumboni na ile nyama nyeusi ya ubavuni, unaipunguza. Zebaki iko ndani ya nyama yenyewe, hakuna kisu wala moto utakaoitoa.

Pennsylvania inatoa ushauri wa jumla kwamba samaki uliyemvua mwenyewe jimboni usile zaidi ya mlo mmoja kwa wiki, kama nusu ratili ya nyama kwa mtu mzima, na kwa baadhi ya samaki wa Ziwa Erie ushauri ni mkali zaidi. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo ndio wa kuangaliwa zaidi. Orodha hiyo inatolewa bure; mwambie mume wako aisome kabla ya kubeba ndoo.

Mwambie pia, kwa upole, amwache besi na alete pachi wa njano. Ni mdogo, anakua haraka, nyama yake ni nyeupe na tamu, na kwa uzoefu wangu huyo ndiye samaki wa nazi wa ziwa hili. Mkaange kwanza kidogo, upike tui lako pembeni na nyanya, kitunguu, bizari na ndimu, ndipo umtumbukize mwishoni asivurugike. Kwa ugali na sombe hakuna atakayeuliza habari za besi. Besi mkubwa tumwache ziwani. Samaki aliyechukua miaka kumi kufika hapo hapatikani tena msimu ujao.

Nimemrudisha, akaelea tumbo juu

*Habari yako mzee. Oktoba rafiki yangu alinipeleka kwa boti nje ya Cleveland, tukavua kwenye kina cha mita 12 au 13. Besi walikuwa wengi na wakubwa ajabu. Nilipomrudisha mmoja, badala ya kuzama alibaki juu, tumbo limevimba, shakwe wakaanza kumzunguka. Alikuwa na ugonjwa? – Msomaji, Ohio*

Nzuri, mwanangu. Hakuwa mgonjwa. Besi, tofauti na gobi, ana kibofu cha hewa, na kwenye mita 12 kimebanwa na uzito wa maji. Ukimvuta haraka hadi juu, hewa ile inatanuka kabla mwili haujaweza kuipunguza. Tumbo linajaa, wakati mwingine utumbo unasukumwa hadi mdomoni, na samaki hawezi tena kushuka kwa nguvu zake.

Vuli ndio wakati besi wanapokusanyika kwenye miamba ya kina kirefu kula kabla ya baridi, kwa hiyo tatizo hili hutokea hasa miezi hiyo. Ukiwa unawarudisha samaki, kaa kwenye kina kisichozidi mita 9. Ukimvua kirefu zaidi kwa bahati, usimweke kwenye tangi la boti muda mrefu. Mtoe ndoana akiwa bado majini na umwachie mara moja, kichwa kikielekea chini, umsukume kwa nguvu kidogo; wengi bado wana uwezo wa kupiga mkia na kushuka. Asiposhuka, kuna vishikio vyenye uzito: unambana mdomoni, unamteremsha kwa kamba hadi mita 6 au 7, kikifunguka anaondoka. Wapo wanaomchoma sindano kuitoa hewa. Anayejua pa kuchoma ananusuru samaki, asiyejua anatoboa ini. Usijaribu mpaka mtu akufundishe kwa mikono.

Mkianza kupata wa namna hiyo mmoja baada ya mwingine, hameni hapo, hata kama wanashika kwa fujo.

Kayaki peke yangu

*Shikamoo mzee. Nimenunua kayaki, mtumbwi mdogo mwembamba. Nimezaliwa Kigoma, nimeogelea Tanganyika tangu utotoni, maji siyaogopi. Erie ni ziwa dogo kuliko letu. Naweza kwenda nje kama kilomita tatu kwenye miamba? – Kijana, Dunkirk, New York*

Marahaba, mwana wa nyumbani. Kwa eneo ni kweli: Tanganyika ni kama kilomita za mraba 32,900, Erie 25,700. Lakini Tanganyika inashuka hadi mita 1,470, na Erie pale palipo na kina kuliko pote ni mita 64 tu. Wastani wake ni 19. Maji mafupi namna hiyo yakipigwa na upepo hayatoi mawimbi marefu ya kupanda na kushuka. Yanatoa mawimbi mafupi, yenye kuta, yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kugeuza kayaki. Na ziwa limelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, karibu kilomita 390, sawa na njia ya upepo mkuu wa huku. Upepo ukikaza unasukuma maji yote kuelekea Buffalo: Toledo, mwisho wa magharibi, maji yanakauka bandarini, Buffalo yanapanda zaidi ya mita mbili ndani ya saa chache. Oktoba 1844 maji hayo yaliruka ukuta wa Buffalo yakaua watu 78.

Kilomita tatu peke yako, hapana. Kaa mahali unapoweza kuogelea hadi ufukweni, na Dunkirk miamba ya besi ipo karibu tu. Soma utabiri wa ziwa asubuhi, usome hasa mwelekeo wa upepo na saa utakapobadilika. New York inataka uvae jaketi la kujiokolea kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1 kwenye chombo cha chini ya futi 21. Wewe livae mwaka mzima. Kuogelea kwako kwa Kigoma ni kwa maji ya nyuzijoto 25. Aprili hapa maji yana nyuzijoto 5, na mikono inakataa kushika kasia kabla hujapoteza pumzi.

Leseni usisahau. Kila jimbo lina yake, mpaka unapita katikati ya maji, na ukija kututembelea Pennsylvania utahitaji pia kibali cha ziada cha Ziwa Erie.

Ni yule wa Naivasha?

*Mzee, huku kwetu Naivasha tunavua besi pia. Ni samaki mmoja? – Msomaji, Nakuru, Kenya*

Ni ndugu, si mmoja. Wa Naivasha ni besi wa mdomo mkubwa, aliyeletwa kutoka Marekani miaka ya 1920. Ukimvua, mfumbe mdomo na utazame pembe yake: kwa wa Naivasha inapita nyuma ya jicho, kwa wa kwetu inaishia chini ya jicho. Wako ana mstari mweusi wa kulala ubavuni, wetu ana milia ya kusimama, na ana rangi ya shaba. Wako anapenda majani na maji yenye vuguvugu. Wetu anataka mawe na maji baridi, ndiyo maana ukimtafuta kwenye mafunjo ya Naivasha hutampata. Tyubu lakini jaribu, tupa kando ya mafunjo bila risasi nzito, uniandikie kilichotokea.